SHA peke yake, bima ya kampuni, ama zote mbili: ukilazwa bili analipa nani?

Ukiulizia bima siku hizi ejenti anakurushia PDF kwa WhatsApp, juu kumeandikwa inpeshenti, yaani ya kulazwa, milioni mbili, chini kuna familia inacheka meno yote nje, halafu bei. Watu wengi wanachagua papo hapo, bei ya huyu na bei ya yule, milioni mbili kwa milioni moja, basi wamelipa. Mie naona hizo namba mbili ndizo zinazokwambia kidogo kuliko zote. Kinachouma ukishalazwa ni ile pesa inayobaki baada ya bima kutoa sehemu yake, na hiyo haiandikwi kwa PDF yoyote, lazima ukae uipige hesabu mwenyewe. Basi hapa nachukua bili zile zile nazipitisha kwa kila aina ya kava tuone inabaki ngapi. Nazungumzia Kenya, na nikisema hospitali kichwani nina Mombasa, wa Nairobi ongezeni bei kidogo.

Nani na nani wanashindanishwa

Kuna SHA, bima ya afya ya serikali, kuna bima ya kampuni iliyo kamili yaani inpeshenti na autpeshenti (ya kutibiwa bila kulazwa), kuna kuchanganya SHA na bima ya kampuni ya inpeshenti tu, na kuna zile za simu zinazokulipa pesa fulani kwa kila usiku uliolala hospitali. Kava ya kazini nitaigusa mwisho.

SHA si ya kuchagua, ni sheria. Ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya serikali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, kikomo cha juu hakuna, cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hivyo mshahara wa 40,000 unakatwa 1,100, na wa 100,000 unakatwa 2,750 ambapo NHIF mwisho wake ulikuwa 1,700. Asiye na mshahara anaulizwa maswali, nyumba yako ya ukuta gani, maji unatoa wapi, una mifugo, halafu mfumo unamtolea kiasi chake na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Hapo ndipo wengi wamekwama, manake NHIF ulikuwa unalipa 500 kila mwezi unasonga nayo tu. Mwaka 2025 serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ile ya mwaka kisha unailipa kidogo kidogo.

Sasa hili nalirudia kwa kila mtu mpaka wananichoka: kusajiliwa si kulipia. Mtu ana namba ya SHA kwa simu anajua ana bima. Usajili peke yake unakupa huduma za levo ya 2 na ya 3, zahanati na helthi senta, hizo zinalipwa na mfuko wa huduma za msingi. Ukitaka kulazwa hospitali kubwa, oparesheni, kemo ya saratani, lazima malipo yako yawe hai. Piga *147# leo uangalie, usingoje uko kasualti na mgonjwa amelala kwa benchi ndio unaanza kutafuta neti. Jambo la pili, mkeo ama mumeo na watoto wenu wadogo wamo ndani ya malipo yako, lakini mama yako na baba yako hawamo, wao wanahesabiwa kivyao hata kama wanaishi kwako na unawalisha wewe.

Bili ya kwanza: kulazwa siku tano na homa ya mapafu

Tuchukue hospitali ya kibinafsi ya levo ya 4. Bei nazibuni lakini haziko mbali na zile za kweli. Kitanda 6,000 kwa siku mara tano ni 30,000. Daktari akipita kila asubuhi 4,000, siku tano 20,000, hata siku aliyosimama mlangoni akauliza umelalaje akaenda zake. Dawa na sindano 26,000. Eksirei na vipimo vya damu 14,000. Oksijeni na vitu vidogo vidogo, glavu, mipira, pamba, 6,000. Jumla 96,000.

Mwenye SHA peke yake: SHA inalipa kwa siku, na kiwango cha levo ya 4 ni 3,360. Mara siku tano, 16,800. Kinabaki 79,200 na hicho ni chako. Hapa ndipo utasikia mtu analia SHA hailipi, kumbe imelipa, ila imelipa kiwango chake, na ile hospitali bei zake hazina habari na kiwango hicho. Mgonjwa yule yule akilazwa Makadara, yaani Coast General, hospitali kubwa ya serikali hapa Mombasa ambayo ni levo ya 5, SHA inatoa 3,920 kwa siku na bili ya serikali yenyewe ni ndogo, kwa hivyo dirishani unaweza kutoka na kidogo sana ama bila kitu. Kinachobaki kinakufuata kwa kemisti. Dawa haipo, unaandikiwa karatasi, mtu wa nyumbani anatoka mbio kununua nje, na ile risiti hakuna anayekurudishia. Ukipiga hesabu ya SHA kwa hospitali ya serikali weka na pesa ya kemisti usijidanganye.

Mwenye bima ya kampuni iliyo kamili: kinabaki sufuri, kama muda wa kungoja, yaani ule wa mwanzo ambao bima bado hailipi, umeshapita. Mwenye SHA na inpeshenti tu ya kampuni: kinabaki sufuri vilevile. Yaani kwa bili hii yule aliyelipia autpeshenti na yule ambaye hakulipia wametoka mlango mmoja.

Kuna kitu hapa ejenti hakisemi mpaka umuulize. Kampuni nyingi zinaondoa kwanza sehemu ya SHA ndio zilipe iliyobaki, yaani kwa ile 96,000 wao wanahesabu 79,200. Kama SHA yako imelala, wanafanya hesabu ile ile kama vile SHA imelipa, na ile 16,800 unaachiwa wewe. Kwa hivyo maneno ya "mie nina bima nzuri SHA ya nini" yanagharimu pesa.

Zile za simu: ukiwa na ya 2,000 kwa usiku, usiku tano unapata 10,000, na nyingine zinaanza kuhesabu baada ya usiku wa pili ama wa tatu kwa hivyo soma. Kama ni ya kufidia siku ambazo hukufungua kibanda ama hukupanda boda, ni pesa nzuri tu, bei yake pia ni ya chai. Kama ni ya kulipa bili ya 96,000 hapana, na wanaoziuza kwa jina la bima ya hospitali bila kufafanua hawatendi haki.

Autpeshenti, ile inayopandisha bei

Hii niikalie kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapotea. Autpeshenti ni ile ya kwenda na kurudi, homa, kikohozi, mtoto ana kipele. Kampuni inajua utaitumia, kila mtu anaitumia, kwa hivyo inaitoza hivyo hivyo. Sema unaongezewa 35,000 kwa mwaka ili upate autpeshenti ya limiti, yaani kikomo cha kulipiwa, 50,000. Umeshalipa 35,000 mbele. Ukiitumia 20,000 mwaka huo umewapa kampuni 15,000 bure, ukiimaliza yote umefaidika 15,000, na kila ukienda kuna kopei, zile mia tano ama elfu moja unazotoa mfukoni kabla ya kumuona daktari. Ukienda mara kumi na kopei ya elfu moja ile faida ya 15,000 imebaki 5,000. Kijana mzima wa afya mie simshauri kabisa. Weka hiyo pesa kando kwa M-Pesa ama kwa sako, homa utaitibu nayo.

Wenye watoto chini ya miaka mitano ni hadithi nyingine. Wale wanakwenda hospitali kama wana kadi ya uanachama. Hapo autpeshenti inaweza kujilipa, ila angalia limiti ni ya familia nzima ama ya kila mmoja, manake 50,000 ikigawanywa na watu watano inakwisha mwezi wa nne.

Bili ya pili: kuzaa kwa oparesheni

SHA inatoa 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa oparesheni. Hospitali ya kibinafsi ikikutolea bili ya 180,000, mwenye SHA pekee anabaki na 150,000. Mwenye bima ya kampuni mara nyingi ana limiti ya uzazi iliyo ndani ya ile inpeshenti, ejenti anasema milioni mbili lakini uzazi ni laki moja, basi toa 30,000 ya SHA, toa 100,000 ya kampuni, unabaki na 50,000. Bado ni pesa, lakini si ile ya kuuza friji.

Shida ya uzazi ni muda wa kungoja. Kampuni nyingi ni miezi kumi mpaka kumi na miwili tangu ulipie. Ukinunua ukiwa na mimba hata ya mwezi mmoja, umechelewa, na hakuna ejenti wa kukusaidia hapo hata akikwambia "tutaona". Kwa mjamzito wa leo ushauri wangu ni mfupi: lipa SHA ya mwaka, chagua hospitali kabla ya mwezi wa saba wa mimba, nenda dirishani uulize "mwenye SHA akifanyiwa oparesheni hapa anaongeza ngapi?" Wanaijua namba, wanaulizwa kila siku. Tofauti ya hospitali mbili kwa mtaa mmoja inaweza kukushangaza.

Na mtoto je? Hapa watu hawaulizi kabisa. Mama ana limiti yake ya uzazi, lakini mtoto akizaliwa kabla ya wakati akawekwa kwa inkubeta wiki tatu, hiyo bili ni ya nani? Kuna kava mtoto anaingia tangu siku ya kwanza ila anakula ile laki moja ya mama, kuna kava anaingia baada ya siku thelathini, kuna kava ana limiti yake. Inkubeta ndiyo inayoleta zile bili za kuchangisha watu kwa magrupu. Kama bado mnazaa, hili swali ni kubwa kuliko swali la milioni ngapi.

Bili ya tatu: figo na saratani

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo kuhusu SHA, na nashangaa halisemwi sana. Kusafisha damu kwa mashine, SHA inalipa 10,650 kwa kila mara. Mgonjwa wa mara mbili kwa wiki, kwa mwaka ni mara 104, yaani 1,107,600. Sasa chukua bima ya kampuni ya milioni mbili ambayo limiti ya magonjwa ya kudumu ni laki tatu. Laki tatu gawanya kwa 10,650 unapata mara 28. Ni wiki kumi na nne. Kufikia mwezi wa nne bima yako ya milioni mbili imekwisha kazi, na yule jirani yako mwenye SHA tupu bado anaingia kwa mashine.

Saratani: viwango vilivyoanza nao mwaka 2024 vilikuwa 400,000 kwa mwaka kwa familia, zikiisha ulikuwa unaingia mfuko wa magonjwa sugu na dharura unaongezewa 150,000, jumla 550,000. Kwa kemo za kawaida pesa kama hizo zinasogeza mgonjwa, kwa dawa zile za bei ya ajabu hazifiki mbali. Bima za kampuni nazo saratani zinaiwekea limiti yake ndogo na muda wa kungoja mwaka ama zaidi. Kwa hivyo hapa hakuna cha huyu ama yule, ukiweza kuwa na zote mbili unaanza na moja unamalizia na nyingine. Wanaofikiria India, na Mombasa tuko wengi, SHA ina kifungu cha matibabu ya nje cha mpaka 500,000 kwa ugonjwa usiotibika hapa nchini na kwa idhini kabla ya kusafiri. Ukishapanda ndege ndio uulize, imekula kwako.

Simu moja na ejenti

Limiti iliyo ndani ya limiti inajificha vizuri sana. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Dada, hii ya milioni mbili, mtu akiwa na presha inakuwaje?"

"Imo mama, usiwe na wasiwasi, kila kitu kimo."

"Kimo ngapi?"

"Eeh... kroniki ni laki mbili mama."

"Kuanzia lini?"

"Baada ya mwaka mmoja."

Kwa kroniki, yaani ugonjwa wa kudumu kama presha, milioni mbili imekuwa laki mbili ya mwaka ujao. Huyo dada hakudanganya, alijibu alichoulizwa. Neno "imo" ndilo la kuogopa, kila akisema imo muulize ngapi na lini, halafu mwambie akuandikie kwa imeili, si voisi noti.

Mengine ya kuuliza, na mie hupenda nipewe kijitabu chenyewe cha masharti, kile kirefu, si PDF ya familia inacheka: kitanda limiti yake ni ngapi kwa siku, kwa sababu hospitali ikikuweka chumba cha 12,000 na bima yako ni ya 8,000 ile tofauti ni yako kila usiku. Hospitali zipi ziko kwa orodha, na orodha ya mwaka huu, halafu piga simu hospitali yenyewe uthibitishe manake orodha inabadilika na ejenti anatembea na ya zamani. Skani ya MRI ama CT ukifanya bila kulazwa inahesabiwa autpeshenti ama inpeshenti, hii ni muhimu sana kwa mwenye inpeshenti tu. Ajali inaanza lini, kawaida siku ya kwanza. Ugonjwa wa kawaida, kawaida siku thelathini. Oparesheni isiyotokana na ajali, zingine miezi miwili. Ugonjwa uliokuwa nao kabla, mwaka mmoja kama wanakubali kabisa. Na fomu ukijaza usifiche presha. Wakija kugundua baadaye wana haki ya kukataa hata bili ya mguu uliovunjika, na watakuwa na karatasi ya daktari wako mkononi.

Siku ya kutoka

Kava zote zinafanana mpaka siku ya kuruhusiwa. Ndugu yangu mmoja aliruhusiwa na daktari saa nne asubuhi, hospitali siitaji, bima siitaji. Nguo ameshavaa, begi liko kitandani. Karani wa bili akasema wanangoja apruvo ya mwisho, kibali cha bima cha kulipa. Saa nane bado. Saa kumi na moja bima inasema wanataka maelezo ya kipimo kimoja, hospitali inasema tumetuma, bima inasema hatujaona. Apruvo ikaingia saa mbili usiku, na kwa bili kukawa kumeongezeka usiku mmoja wa kitanda kwa sababu "mgonjwa alikuwa wodini". Tulikataa tukasimama pale pale, ukaondolewa. Nasema hivi ujue unaweza kukataa.

Kwa hivyo mtu wa nyumbani aombe bili ya siku kila asubuhi, si ya mwisho tu. Utaona wameandika eksirei mbili imefanywa moja, na utaona limiti inavyoliwa kabla haijaisha. Na ukisikia kesho anatoka waambie leo jioni waanze kutuma makaratasi kwa bima.

SHA nayo ina yake. Kuna mashine ya kidole, na wazee wetu waliolima na kufua maisha yao yote vidole havisomeki, ulizia mapema njia nyingine iko vipi. Na kuna siku hospitali za kibinafsi zinagoma. Mapema 2025 chama chao, RUPHA, kiliwaambia wanachama wake waache kuhudumia watu wa SHA kwa mkopo kwa sababu ya madeni, mtu akaja na kadi hai akaambiwa keshi. Mwenye SHA pekee awe anaijua hospitali moja ya serikali na moja ya misheni iliyo karibu, asitegemee mlango mmoja.

Wenye bima za kampuni msicheke. Kampuni ya bima ya Resolution iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwezi wa Aprili 2022 na watu walikuwa na kadi mfukoni. Kabla ya kulipa angalia kampuni iko kwa orodha ya mwaka huu ya mamlaka ya bima, IRA, na uwaulize mameneja wa bili wa hospitali, wale wa dirishani kabisa, ni kampuni gani inalipa haraka. Hakuna anayejua hilo kuliko wao, na wakizoea uso wako watakwambia.

Mie ningechagua nini

Kijana peke yake, hana ugonjwa: SHA hai pamoja na inpeshenti tu ya kampuni, ya limiti ya wastani, milioni moja inatosha kama kitanda na oparesheni havijabanwa ndani. Autpeshenti aache.

Familia yenye watoto wadogo: vilevile SHA na inpeshenti, wakiwa na nafasi ndio waongeze autpeshenti ya watoto tu, kampuni zingine zinakubali. Kama pesa inatosha kitu kimoja kwa mwaka, basi ni SHA, usiwache SHA ilale ili ulipie bima ndogo ya kampuni ya laki mbili. Hizo za laki mbili tatu zinaisha kwa thieta moja na usiku wa ICU, wodi ya mahututi. Kwa SHA ICU ni 28,000 kwa siku, hapo ujue bei yenyewe ya kibinafsi iko wapi.

Mwenye sukari ama presha tayari: SHA kwanza, halafu tafuta kava ya kikundi badala ya kununua peke yako. Chama, sako, hata msikiti ama kanisa, kampuni ikipewa watu wengi pamoja huwa inalegeza masharti ya magonjwa ya zamani na muda wa kungoja, kitu ambacho mtu mmoja akiomba anaangaliwa tu. Wanaotaka isiyo na riba, Takaful Insurance of Africa iko Kenya tangu 2011, ila maswali ni yale yale, ngapi na lini, jina la takaful halipunguzi muda wa kungoja.

Mwajiriwa anayejilipia bima ya kampuni asisahau kodi: unarudishiwa asilimia 15 ya primiamu, ile pesa unayolipa bima, kwa PAYE, kodi ya mshahara, mpaka 60,000 kwa mwaka. Ukilipa 80,000 ni 12,000 hiyo. Omba cheti cha bima upeleke kwa HR, wengi hawapeleki.

Wazee ndio wagumu. Kampuni nyingi hazipokei mtu mpya akipita miaka 60 ama 65, na zinazopokea bei yake ukiigawanya na kile wanachokubali kulipa unaona heri uweke pesa mwenyewe, manake presha imetolewa, sukari imetolewa, mgongo umetolewa, imebaki ajali. Mie kwa wazazi ningefanya hivi: ndugu wote tunachanga SHA ya mwaka ya mama na ya baba, kila mmoja ajue tarehe ya kuisha, halafu tunafungua akaunti ya kando ya kemisti na ya kuongezea bili, kila mwezi mtu anatupia chake. Mzozo wa ndugu siku ya bili unakuwa mdogo pesa ikishakuwa iko mahali.

Na kava ya kazini, ukiwa nayo ishukuru, mara nyingi inachukua hata magonjwa ya zamani na hakuna kungoja. Lakini inakufa siku uliyopewa barua. Hapo kuna kampuni zinakuruhusu uhame kwenda kava yako binafsi bila kuanza kungoja upya, mradi uombe ndani ya siku chache walizoweka. Hizo siku zinahesabiwa tangu tarehe ya kuacha kazi na si tangu upate kazi nyingine, kwa hivyo uliza HR ukiwa bado una meza, uandikiwe barua ya kuonyesha ulikuwa na kava kuanzia lini mpaka lini.